Ugali wa Mchuma Chai kwa Mtu wa Dukani

Katika kituo cha kununulia majani ya chai, iwe Litein au Mogogosiek, hakuna mkulima anayeondoka kabla ya kuona namba kwenye mizani. Kilo ikipotea, pesa imepotea. Jioni jikoni hakuna mizani: unga humiminwa sufuriani hadi ugali ukaze, na anayeusonga hukadiria jinsi alivyoona mama yake akifanya. Kipimo hicho kilimfaa mama, aliyekuwa shambani tangu alfajiri. Binti anayeshinda ameketi dukani Kericho mjini, na anayetaka kupunguza kilo kumi, kinamrudisha nyuma kila usiku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi, na karibu robo tatu ya uzito huo ni wanga. Familia ya watu wanne ikisonga nusu ya pakiti ya kilo 2, kila mmoja amekula gramu 250 za unga, yaani kalori 900 kabla hajagusa mboga. Mwanamke asiyefanya kazi ya sulubu huhitaji takriban kalori 1,800 hadi 2,000 kwa siku nzima. Ugali wa usiku peke yake umemaliza karibu nusu.

Wingi huo una asili yake. Kampuni kama Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba makubwa Kericho miaka ya 1920, na kwa vizazi kadhaa kazi ya huku imekuwa ya mwili: kupanda na kushuka miteremko, kuchuma majani mawili na chipukizi, kisha kubeba kikapu mgongoni hadi penye mizani. Mwili unaofanya kazi hiyo huutumia wanga karibu wote. Lakini kazi imebadilika. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi, na uchungu wa kupoteza ajira ulifika hadi mashine kadhaa zikachomwa moto Kericho mnamo Mei 2023. Bodaboda nazo zimepunguza safari za miguu hata vijijini. Sufuria ya ugali imebaki ileile.

Anayeulaumu ugali wenyewe na awatazame wanariadha. Mtafiti Vincent Onywera na wenzake walichunguza chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya kwa siku 7, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga. Ugali uliongoza, na sukari, hasa ya kwenye chai, ilichangia karibu sehemu moja kwa tano. Watu hao walikuwa wembamba, kwa kuwa walikula takriban kalori 3,000 kwa siku na kutumia 3,600 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uzito wa mtu, awe bingwa wa mbio au mwenye duka la nguo.

Nchi nzima imo katika mabadiliko haya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima Kenya walikuwa na uzito uliozidi, na miongoni mwa wanawake ilikuwa zaidi ya asilimia 38. Wanawake hao ndio wanaosonga ugali, na ndio wanaoambiwa kila siku waache kuula. Ushauri huo hauwatendei haki, na wala hauwezekani katika nyumba yenye watoto na mume anayesubiri chakula.

Spageti inastahili kuangaliwa kwa makini, maana wengi huiona kuwa chakula chepesi kuliko ugali. Ikiwa kavu, gramu 100 zina kalori 350 hivi, karibu sawa na unga wa mahindi. Pakiti ya gramu 400 ikiliwa na watu wawili, kila mmoja amepata kalori 700, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kukaangia kinaongeza 120 nyingine. Huko Italia, nchi inayosifika kwa chakula hicho, miongozo ya lishe huhesabu gramu 80 za spageti kavu kuwa mgao wa mtu mmoja. Pakiti moja, basi, ni ya watu watano. Asiye na mizani afungue pakiti mezani, agawe vijiti mafungu matano yanayolingana, na atie majini mafungu ya watu waliopo tu. Yanayobaki yarudi kabatini. Ipimwe ikiwa kavu, kwa kuwa ikiiva hunywa maji na uzito wake huzidi maradufu. Tena isichemshwe hadi irojeke. Spageti iliyobaki na ugumu kidogo humeng'enywa polepole, kwa sababu protini ya ngano bado imeushika wanga, na sukari ya damu haipandi kwa kasi.

Kosa linaloonekana zaidi mezani ni wanga juu ya wanga: wali na viazi, chapati na spageti, au githeri ikisindikizwa na ugali. Sahani inayomsaidia anayepunguza uzito huwa na nusu ya mboga, robo ya protini kama maharagwe, ndengu, mayai au nyama, na robo ya wanga wa aina moja. Hapa watu wa Kericho na Bomet wana bahati, kwani mvua haiwapi kisogo na managu, saget na sukuma wiki huota karibu na mlango wa jikoni. Mboga hizo hujaza tumbo kwa kalori chache. Bakuli la mursik (maziwa yaliyochachushwa) isiyotiwa sukari nalo huleta protini.

Kisha kuna chai. Majani hayana lawama, kwani chai yenyewe karibu haina kalori. Lakini vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 48, na Shirika la Afya Duniani linasema ni afadhali mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi. Hapa ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kugusa ugali: kupunguza kijiko kimoja, ulimi uzoee, kisha kingine.

Wanaoacha wanga ghafla hufurahi juma la kwanza mizani inaposhuka. Kilichotoka kwa wingi ni maji, kwa maana kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na takriban gramu 3 za maji. Wakirudi kula wanga, uzito nao hurudi.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamidi, asipunguze wanga kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka hadi azirai. Aende kwanza hospitalini, iwe Longisa, Kapkatet au Kericho mjini, ili dozi na sahani vipangwe pamoja.