Je, Wajua? Rimu ya Fuchs, Alumini Iliyofuliwa

Je, wajua kwamba rimu iliyoipa Porsche 911 sura yake haikutengenezwa na Porsche? Ilitoka Meinerzhagen, mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani, katika kiwanda cha kufua metali cha Otto Fuchs kilichoanzishwa mwaka 1910. Porsche ilipotoa 911 S mwaka 1966, ilitaka rimu nyepesi kuliko ya chuma na yenye nguvu ya kustahimili mwendo wa kasi. Umbo lilibuniwa na Heinrich Klie wa idara ya usanifu ya Porsche: mabawa matano yanayotoka katikati na kufunguka kuelekea ukingoni. Rimu ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 4.5 tu na kipenyo cha inchi 15. Kufikia mwaka 1973, Carrera RS 2.7 ilikuwa na za inchi 6 mbele na 7 nyuma.

Kwa nini wahandisi wahangaikie kilo chache? Bodi, injini na abiria hubebwa na springi. Rimu, tairi na sehemu kubwa ya breki haziko juu ya springi, zinafuata barabara moja kwa moja. Tairi likigonga tuta dogo, gurudumu hurushwa juu, na springi ndiyo yenye kazi ya kulirudisha chini. Gurudumu zito hukawia kurudi, na kwa sehemu hiyo ya sekunde tairi halishiki lami sawasawa. Tairi lisiloshika lami halifungi breki wala halikati kona. Kila gramu inayopunguzwa kwenye rimu humpa dereva udhibiti.

Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8 hivi, ya alumini 2.7, ya magnesi 1.7. Hata hivyo, rimu ya alumini haiwi theluthi ya uzito wa ile ya chuma, kwa sababu alumini ni laini zaidi na hulazimika kuwa nene. Unene huo unategemea namna rimu ilivyotengenezwa, na hapo ndipo rimu zinapotofautiana hasa.

Nyingi za alumini humiminwa: metali huyeyushwa, ikatiwa kwenye kalibu, ikapoa. Njia hiyo ni rahisi na inaruhusu umbo lolote, lakini ndani hubaki vishimo vidogo vya hewa ambavyo nyufa hupenda kuanzia. Fuchs haikumiminwa. Kipande kigumu cha aloi ya alumini kilipashwa moto bila kuyeyuka, kikagandamizwa na mashine za nguvu kubwa hadi mabawa yakajitokeza, kisha ukingo ukatandazwa kwa rola. Chembe za metali hupangika kufuata umbo la rimu, kama nyuzi za mti zinavyofuata urefu wa mpini wa jembe uliochongwa vizuri. Kwa hiyo Fuchs huweza kuwa nyembamba bila kuwa dhaifu, na ikigonga jiwe kwa nguvu, mara nyingi hupinda kabla ya kupasuka.

Ilinganishe na ndugu zake wawili wa miaka ya 1970. Wa kwanza ni rimu ya Mahle, kampuni ya Stuttgart inayojulikana zaidi kwa pistoni. Ilimiminwa kwa magnesi, ikawa nyepesi hata kuliko Fuchs. Tatizo lake ni kwamba magnesi huliwa upesi na unyevu na chumvi. Rangi ikichubuka tu, metali huanza kumomonyoka. Wa pili ni ATS, ya alumini iliyomiminwa, nzito kuliko Fuchs ya upana ule ule lakini ya bei nafuu. Mwenye kulitembeza gari lake kila wiki, mvua ikinyesha au jua likiwaka, achague Fuchs. Mahle inafaa gari linalolala ndani pakavu na kutunzwa kwa makini. ATS haistahili kudharauliwa: ikiwa nzima, ni rimu ya kweli ya zama zake, na gari lililotoka nayo kiwandani linastahili kubaki nayo.

Sasa tuje kwenye ukarabati, kwa kuwa rimu nyingi nzuri huharibikia mikononi mwa watu wenye nia njema. Uso wa awali wa Fuchs ulilindwa kwa anodaizi: rimu ilitumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme, na alumini yenyewe ikaota ngozi ngumu ya oksidi. Mng'ao wake ulikuwa wa upole, si wa kioo. Anayeisugua kwa msasa hadi ajione usoni ameondoa ngozi hiyo, akaiacha alumini wazi kwa vumbi la breki na chumvi ya barabarani. Kostiki soda nayo huondoa rangi haraka, lakini huila alumini yenyewe.

Adui mkubwa zaidi ni moto. Aloi za namna hii hupata nguvu yake ya mwisho kwa kupashwa nyuzi kati ya 160 na 190 hivi kwa saa kadhaa. Tanuri la rangi ya unga hufika karibu nyuzi 200. Kuingia mara moja kwa dakika chache hakudhuru sana. Kurudiwa mara kwa mara hulainisha metali. Fundi anayenyoosha rimu kwa moto wa gesi anaweza kukurudishia umbo la duara huku ameiondolea nguvu. Ufa haufai kuchomelewa kamwe: rimu yenye ufa imemaliza kazi yake. Ufa mwembamba huonekana kwa kupaka wino maalumu unaopenya, kisha kufuta na kutazama rangi inayochirizika.

Kuna kosa lingine dogo lenye hatari kubwa: kuacha rangi ya unga mahali nati zinapokaa. Gari likitembea, rangi hiyo hubanwa na kusagika, nati zikalegea. Viti vya nati vibaki metali tupu, na nati za 911 zikazwe kwa toki ya Nyutonimita 130.

Afrika Mashariki inazijua rimu za magari haya kwa vumbi lake. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa Kenya alimaliza wa pili katika Safari Rally akiendesha 911 SC, na mwaka 2011 Björn Waldegård alishinda mashindano ya magari ya zamani ya Safari kwa 911. Kwenye barabara za murram zenye mawe, rimu inayopinda hukufikisha kwa fundi. Inayopasuka hukuacha porini.

Basi ukienda kununua, usianze na mng'ao. Igeuze rimu. Soma nyuma ya mabawa: alama ya mtengenezaji, upana, namba ya kipuri, mwezi na mwaka. Tafuta alama za uchomeleaji. Izungushe kwenye mashine ya balansi uone kama inayumba. Mkwaruzo wa mbele unatibika kwa fedha kidogo. Metali iliyolainishwa au kupasuka haina tiba, hata iwe nzuri namna gani machoni.