Jiu: Mjomba au Baba Mkwe?

Mfasiri akutanapo na neno la Kichina jiu, kamusi humwambia kuwa maana yake ni mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama. Maana hiyo ni sahihi kwa Kichina cha leo. Lakini katika maandishi ya kale neno hilo laweza kumpotosha.

Mathalani, katika shairi mashuhuri la Zhu Qingyu, malenga wa enzi ya Tang (618–907), bibi arusi angoja kupambazuke ili akawaamkie jiu na gu. Atakayeandika "mjomba na shangazi" atakuwa amemwondoa bibi arusi ukweni na kumrudisha kwao. Wazee wanaomtia hofu ni baba na mama wa mumewe.

Maana za kale

Kamusi kongwe iitwayo Erya, iliyokusanywa takriban karne ya 3 K.K., yataja maana hizi:
(a) jiu: ndugu wa kiume wa mama;
(b) jiu: baba wa mume, kama aitwavyo na mkaza mwana;
(c) wai jiu, yaani "jiu wa nje": baba wa mke.
Vivyo hivyo, gu ni shangazi, na pia ni mama wa mume.

Asili yake

Wataalamu Marcel Granet na Feng Han-yi walieleza kuwa maana hizi zatokana na ndoa za kale baina ya watoto wa kaka na wa dada. Mwanamke aolewapo na mtoto wa mjomba wake, mjomba huyo ndiye baba mkwe wake. Jina moja latosha. Ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku nchini China kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1980.

Baadaye ndugu wa mke naye aliitwa kwa neno hilo, na leo huitwa jiuzi. Feng, katika utafiti wake wa mwaka 1937, alieleza kuwa mume alifuata usemi wa watoto wake, ambao kwao mtu huyo ni mjomba. Jambo hili si geni kwetu, kwani mke wa Kiswahili humwita mumewe "Baba Fulani".

Pendekezo

Jiu wa maandishi ya leo afasiriwe "mjomba", na jiuzi "shemeji". Katika maandishi ya kale, jiu atajwaye na mkaza mwana awe "baba mkwe". Na wai jiu vilevile. Ila kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi wakwe hao wawili, pahali penye utata yafaa kuandika "baba wa mume" au "baba wa mke". Hivyo, kabla ya kufungua kamusi, mfasiri hana budi kujiuliza kwanza ni nani anayemwita nani.