Kukanusha si Kuumbua

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyomfikia mfasiri wa Kiswahili, "debunk" ni kimoja kinachodhulumiwa sana, kwa kuwa aghalabu hufasiriwa "kukanusha", ilhali kukanusha ni kazi ya ulimi mtupu: mtu hukataa aliloambiwa, kisha akanyamaza, wala hadaiwi ushahidi.

Nasaba ya kitenzi hiki ni ya Marekani. Mwaka 1820, Baraza la Wawakilishi lilipokuwa katika mjadala mzito juu ya Missouri, kwamba iingizwe katika dola pamoja na utumwa au pasipo utumwa, mjumbe wa North Carolina, Felix Walker, alisimama kuhutubu hali wenzake wamekwisha choka na wanataka kupiga kura. Nao walipomsihi aketi, alijibu kuwa hasemi kwa ajili yao bali kwa ajili ya Buncombe, kaunti mojawapo ya zile alizoziwakilisha. Tangu hapo jina la kaunti hiyo likawa jina la hotuba tupu za kuwafurahisha wapiga kura, kisha la upuuzi wa kila namna, likaandikwa "bunkum", na mwishowe likakatwa likabaki "bunk". Mwaka 1923 mwandishi William E. Woodward, katika riwaya aliyoiita Bunk, aliliwekea neno hilo kiambishi cha kuondoa, na kitenzi kikazaliwa.

Kwa asili hiyo, si kila kosa lililo mawindo yake. Mwanafunzi aliyekosea hesabu husahihishwa tu, na hoja ya mwanachuoni huvunjwa kwa hoja, jambo ambalo Waingereza huliita "refute". "Debunk" huitwa penye imani iliyokwisha enea na kupambwa, sifa iliyotiwa chumvi, au dawa ya laghai. Tutazame dai mashuhuri kwamba Ukuta Mkuu wa China huonekana kwa macho kutoka mwezini. Asemaye "si kweli" amekanusha, basi. Lakini aelezaye kwamba mwezi uko mbali nasi kadiri ya kilomita 384,000, na kwamba ukuta huo, ijapokuwa ni mrefu mno, upana wake ni mita chache tu, hata kuutafuta kutoka huko ni kama kutafuta unywele mmoja uliolala kilomita nne mbele yako, kisha akaongeza kwamba Yang Liwei, mwanaanga wa kwanza kurushwa na China, mwaka 2003, alirejea akasema hakuuona, naye alikuwa karibu na dunia kuliko mwezi kwa mbali sana: huyo ameliumbua dai lenyewe.

Nimelichagua "kuumbua" kwa makusudi. "Kubatilisha" lina harufu ya mahakama, na "kukadhibisha", neno fasaha la kale, lafaa zaidi kwa "refute", maana humtia mdai katika uwongo kwa hoja; bali kuumbua ni kuvua pambo mbele ya hadhara, na ndivyo "debunk" kifanyavyo.

Wahariri na wafasiri wa magazeti yetu, nawasihi: kiongozi akikataa tuhuma pasipo kuleta burhani, andikeni kwamba amekanusha, wala msimpe heshima ya kitenzi asichokitolea jasho. Nawe msomaji, ukiambiwa kwamba uzushi fulani umeumbuliwa, udai ushahidi kabla ya kusadiki.