Si Kunde, ni Kirusi cha Kunde

Kitenzi "kuweza" kina hatari zake. Mtu akiandika kwamba kunde zaweza kutibu saratani, amesema mambo mawili kwa kauli moja: kwamba zinao uwezo huo tayari, au kwamba yamkini siku moja tiba itatokana nazo. Darasani huo ni utata mdogo wa semantiki. Kwa mama aliyeambiwa ana uvimbe titini, ni suala la uhai, kwani maana ya kwanza humpeleka sokoni na ya pili humwacha hospitalini.

Habari yenyewe ni ya kweli, tena ya kustaajabisha. Kunde hushambuliwa na kirusi kiletacho batobato, majani yakajaa mabaka. Kiliripotiwa nchini Nigeria mwaka 1959. Upana wake wapata nanomita 30, na nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni. (Neno "nano" asili yake ni Kigiriki, maana yake kibete, halina undugu na nne wala nane.) Binadamu hakimwambukizi. Ila kikidungwa ndani ya uvimbe wa saratani, askari wa kinga ya mwili, ambao saratani huwa imewapumbaza, hukitambua kuwa mgeni, wakagutuka, wakakusanyika hapo na kuushambulia uvimbe wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Case Western Reserve na Dartmouth, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kutia moyo kuhusu panya wenye saratani za aina mbalimbali, zikiwemo za matiti na za ovari. Baadaye mbwa wagonjwa nao walijaribiwa.

Lililonivutia zaidi ni la mwaka 2025. Kundi la Profesa Nicole Steinmetz wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lililinganisha virusi viwili vya kunde vinavyokaribiana kwa ukubwa. Kimoja kiliiamsha kinga dhidi ya saratani. Cha pili hakikufua dafu. Mmea ni ule ule! Basi sifa hii si ya kunde, wala haipatikani katika sufuria. Sahani ya kunde ni chakula bora, nami naipenda, lakini si sindano.

Nasisitiza hayo kwa sababu tuna historia. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wengi wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko. Wapo walioacha dawa za hospitali. Nao wauzaji wa mitishamba watalipokea kwa furaha fungu "dawa ya mimea", ambalo laweza kumaanisha dawa itokanayo na mimea, au hata ile ya kunyunyizia shambani.

Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kichwa cha habari cha namna hiyo wakiandike upya: kimedungwa nini, wapi, na kwa mnyama gani? Mimi ningeandika hivi: kirusi cha kunde, kikidungwa uvimbeni, kimezuia saratani kuenea kwa panya, kwa binadamu bado hakijaidhinishwa kuwa tiba. Mhariri atalalamika kwamba ni kirefu. Na akipe nafasi.