Herufi za Mshazari na Siri ya Mwendo Wake

Mtu atokaye Jangwani kuingia Kariakoo hukutana na herufi za namna moja kila upande: nene, zisizo na vijitokezo kwenye ncha zake, na zilizoinamia kulia. Huonekana ubavuni mwa daladala, juu ya maduka ya jezi na kwenye matangazo ya ngumi. Wachoraji huzipenda kwa sababu zaonekana kama zinakimbia. Je, ni nini kinachotufanya tuzione hivyo?

Kwanza tuone jinsi zinavyopatikana. Herufi haizungushwi, bali husukumwa: kitako chake hubaki palepale, na kila sehemu ya juu husogea kulia kwa kadiri ya kimo chake. Mstatili hugeuka kuwa msambamba, lakini kimo na eneo lake havibadiliki. Herufi ya sentimeta 20 ikiinamishwa kwa digrii 10, kilele chake husogea 20 × tan 10°, yaani takriban sentimeta 3.5. Mwanafunzi aweza kulithibitisha hilo kwa karatasi ya miraba. Akijaribu herufi O, ataona kwamba duara huwa duaradufu, na utepe wake hunenepa juu kulia na chini kushoto, ukakonda kwingineko. Mchoraji hodari husahihisha kasoro hiyo kwa jicho. Kompyuta inayoinamisha herufi wima kwa amri moja haiisahihishi, ndiyo maana mabango mengi ya siku hizi yana O zilizopinda kama embe lililokanyagwa.

Ama hisia ya mwendo, hiyo ni mazoea. Herufi za mlazo alizochapa Aldus Manutius huko Venice mwaka 1501 ziliiga mwandiko wa mkono uendao haraka. Nasi tusomao kutoka kushoto kwenda kulia huona mwinamo wa kulia kuwa ni wa kwenda mbele. Tazama daladala. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, abiria aliye kituoni huona ubavu wa kushoto, na mbele ya gari huwa mkono wake wa kushoto. Kwa hiyo herufi zile zimeinamia nyuma ya gari! Sijapata kumsikia abiria akilalamika, kwani jicho lake limekwisha fuata mstari wa maandishi.

Jambo zito zaidi ni kusomeka. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika 1 ya pembe, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii, na herufi husomeka kimo chake kikiwa mara tano ya hapo. Kwa umbali wa mita 60, kimo hicho ni karibu sentimeta 9. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa humaliza mita hizo kwa muda usiofikia sekunde 6. Mwenye jicho la nusu ya uwezo huo hubakiwa na sekunde zisizofika 3 za kulisimamisha.

Hapo ndipo unene unapoweza kuwa adui. Katika neno KARIAKOO, matundu ya A na R ni madogo. Yakipungua sentimeta 1.7 hivi, kwa mita 60 huzibika machoni, na A huwa pembetatu tupu. Jina la timu laweza kuvumilia hayo, maana mashabiki hulitambua kwa umbo na rangi. Jina la kituo haliwezi. Jaribio lake ni rahisi: neno lichorwe kwa unene mbalimbali, libandikwe ukutani mwa shule, kisha wanafunzi warudi nyuma hatua kwa hatua, wakipima umbali ambapo tundu la A linatoweka.