Jibu la Kiporo: Utangulizi

Naandika kutoka Kabeza, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, na swali la kukufungulia mlango nalichukua hapa hapa: mtaani hapa wanaishi watu wangapi?

Unaweza kumwendea mkuu wa umudugudu, yaani mtaa, umwombe apite nyumba kwa nyumba akihesabu. Atakupa jibu la leo, lakini utalisubiri, na ukiuliza tena kesho itabidi azunguke tena. Au unafungua kitabu cha sensa. Jibu lipo tayari, ila ni la usiku ule wa sensa.

Hifadhidata nayo ina njia hizo mbili. Mwonekano wa kawaida hauna data yake wenyewe. Ni ulizo lililopewa jina. Kila unapousoma, mashine hurudi kwenye majedwali ya asili, ikaunganisha na kujumlisha upya. Mwonekano uliohifadhiwa ni matokeo ya ulizo hilo yaliyokwisha kuandikwa kwenye diski. Ni kiporo: kilipikwa jana, na mwenye njaa asubuhi hangoji kuni.

Lakini majedwali ya asili hayaachi kubadilika, na kiporo hakina habari. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,132,686 katika Jiji la Kigali. Ile ya Agosti 2022 ikakuta 1,745,555. Aliyepanga mabomba ya maji kwa hesabu ya kwanza hadi mkesha wa hesabu ya pili angewaacha nje zaidi ya watu nusu milioni, ingawa kitabu alichokisoma kilikuwa sahihi siku kilipoandikwa. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea ripoti iliyotoka kwenye mwonekano uliohifadhiwa, kabla ya yote namwuliza ulihuishwa lini.

Kuhuisha kuna gharama zake. Programu ya hifadhidata PostgreSQL ilipata mionekano hii katika toleo la 9.3, mwaka 2013. Haijihuishi yenyewe: lazima utoe amri, na amri hiyo hupika chungu kizima upya huku wasomaji wakingoja nje. Toleo la 9.4, mwaka uliofuata, liliwaruhusu waendelee kusoma, kwa sharti kwamba mwonekano uwe na faharasa ya kipekee. SQL Server humtoza anayeandika: jedwali likibadilika, mwonekano hubadilika papo hapo. Oracle inaweza kutunza daftari la mabadiliko, kisha ikahuisha yale yaliyoguswa tu.

Njia ya daftari ndiyo inayonivuta zaidi, na ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya utafiti utakaoukuta humu. Tunataka kupata jibu jipya kutokana na jibu la zamani na mabadiliko machache, bila kuhesabu mtaa mzima. Kwa jumla ya wakazi ni rahisi: mtoto akizaliwa ongeza mmoja, mpangaji akihama punguza mmoja. Sasa chukua mwonekano unaotunza umri wa mkazi mzee kuliko wote. Akihamia mzee zaidi yake, unabadilisha namba, basi. Lakini yule mzee akihama, jibu la zamani halikuambii nani anamfuata, wala daftari halikuambii. Inabidi urudi mlango kwa mlango, isipokuwa kama tangu mwanzo ulihifadhi kitu cha ziada. Kitu gani, na kwa kiasi gani? Sura ya kwanza inaanzia hapo.