Kunguni hawamalizwi kwa dawa ya mikorosho

Msimu wa kupuliza mikorosho ukianza, nyumba nyingi kwetu Nambambo zinakuwa na mfuko wa salfa uani. Nachingwea tunalima korosho, na salfa ndiyo kinga ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoharibu maua. Huko shambani sina ugomvi nayo. Shida ni ile inayobaki msimu ukiisha: inahamia chumbani na kumwagwa chini ya godoro, eti kuua kunguni. Mwingine anapiga hata dawa ya maji ya wadudu wa shambani. Na chuoni mambo ni yaleyale, mtu anarudi kutoka likizo na chupa ya soda yenye dawa isiyo na lebo, kisha anaisambaza geto zima.

Salfa ya unga inatengenezwa kwa ajili ya ukungu, na kunguni ni mdudu. Ukiilalia usiku kucha inawasha macho na kifua. Ukiichoma inatoa gesi ya salfa dioksaidi, ambayo kwa mwenye pumu ni hatari kubwa. Dawa za maji ni mbaya zaidi. Nyingi zinashambulia mishipa ya fahamu, na vipimo vyake vimewekwa kwa shamba lenye upepo, si chumba cha dirisha moja ambamo watu wanne wanalala na kupika. Ile chupa ya soda nayo, akija mdogo wako akaiona mezani, atafikiri ni nini?

Halafu kunguni wenyewe hawaishi. Mchana wamejificha kwenye mishono ya godoro, maungio ya kitanda, nyufa za ukuta. Mayai mara nyingi yanapona dawa, na kwenye joto la kwetu yanaanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Zaidi ya hapo wamezoea sumu: walianza na DDT miaka ya 1940 na 1950, na sasa sehemu nyingi duniani wanahimili hata dawa za jamii ile inayowekwa kwenye vyandarua. Kwa hiyo usishangae kuwakuta kwenye neti yako, na tafadhali usiitupe. Lindi malaria haina utani. Ifue tu kwa maji ya kawaida na uianike kivulini, maana jua linaharibu dawa yake.

Kisichozoeleka kwao ni joto. Likifika nyuzi 50 na kidogo, wanakufa wao na mayai yao. Shuka na nguo zinazohimili maji ya moto, loweka kwenye maji yaliyochemka. Zile zisizohimili, zifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uweke juani tangu asubuhi mpaka alasiri, ukigeuza mara kwa mara. Usijaze mfuko pomoni, joto halitafika katikati. Godoro nene kulianika tu hakutoshi, kwa sababu kunguni wanahamia upande wenye kivuli; pitia mishono kwa brashi ngumu kwanza. Kitanda kifungue vipande vipande na umwagie maji yanayochemka kila tundu na kila ungio. Kama ni cha kamba, kamba zote zilowe. Fanyia nje, mbali na soketi na nyaya.

Ukikirudisha, kisogeze mbali na ukuta, shuka zisiguse sakafu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Maji ni lazima, maana kunguni wa nchi zenye joto wanapanda vizuri hata kuta laini za kopo tupu. Ulaya ya kusini mashariki, zamani watu walitandaza majani ya maharage sakafuni usiku na kuyachoma asubuhi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vinyweleo vya majani hayo vinawachoma kunguni miguuni na kuwanasa. Sijayajaribu, ila wazo limenifurahisha.

Kazi nzima irudie baada ya siku 10 hadi 14, kabla walioanguliwa hawajakua na kutaga. Na mpangeni siku moja na vyumba vya jirani. Ukisafisha chako peke yako, wa jirani watapita chini ya mlango wiki hiyohiyo.